Magunia ya Chini: Tuliyojifunza Katika Vitabu vya Uongozi



Wengi wenu mmetuuliza, barazani na njiani, habari ya vitabu ambavyo Halmashauri yenu imekuwa ikivisoma kila Jumatatu baada ya sala ya isha. Wako waliocheka, wakasema kuwa Katibu amepata njia ya kupumzika ofisini huku amefungua kitabu. Na wako waliouliza swali la haki kabisa: vitabu vilivyoandikwa Marekani na Japani, kwa ajili ya wenye viwanda vya magari na makampuni makubwa, vina nini cha kumfaa mtu aliye juu ya mkarafuu?

Swali hilo lataka jibu, na jibu lenyewe haliwezi kutolewa bila ya sisi kusimulia kwanza kosa tulilolifanya. Basi twaomba subira yenu, kwani habari hii ni ndefu kidogo na mwanzo wake si mtamu.

Kosa lenyewe

Mtakumbuka kuwa msimu uliopita Chama kilipokea karafuu za wanachama katika ghala letu, ili zipelekwe pamoja kituo cha kununulia na gharama ya gari igawanywe baina yetu. Shauri lilikuwa zuri. Lakini gari la pili lilipofika kituoni, magunia kumi na mawili yalikutwa yana unyevu, na baadhi yake yameanza kuota ukungu. Mengine yakashushwa daraja, na mengine yakarudishwa yaanikwe upya.

Nyote mwajua maana ya jambo hilo. Mtu amepanda, amechuma, amekesha akichambua makonyo, ameanika siku nne au tano, akazitoa asubuhi na kuziingiza jioni, na kukimbilia majamvi kila wingu lilipotanda. Halafu aambiwe kuwa mali yake ni ya daraja la chini!

Halmashauri ilikutana siku ya pili yake, na ilikutana kwa hasira. Sote tulikuwa na rai moja, kwamba wanachama wachache wazembe wanatuharibia jina. Kila gunia lina alama ya mwenyewe, kwa hivyo wenye makosa, tulivyoona sisi, walikuwa wakijulikana. Tukaazimia majina yao yasomwe mbele ya mkutano mkuu ili liwe funzo kwa wengine. Sisi wenyewe, kwa mkono wetu, tuliandika orodha ile ya watu tisa, na sisi wenyewe tuliisoma.

Katika hao tisa alikuwamo bibi mmoja wa makamo ya mama zetu, mjane, aliyelea watoto wake kwa mikarafuu. Lilipotajwa jina lake aliinuka, akajitanda kanga yake vizuri, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu Katibu, ulipata kufika sakafuni kwangu?"

Tukajibu kuwa hatukupata kufika.

"Basi umejuaje kuwa mimi ni mvivu wa kuanika?"

Tukamwambia kuwa gunia lilikuwa na alama yake.

"Gunia ni langu, kweli. Nililileta kavu."

Akaketi. Hakusema neno jingine, na mkutano ulipokwisha aliondoka bila ya kuaga. Wiki ile ile watu sita walikuja ghalani kuchukua magunia yao, wakasema watayapeleka wenyewe kituoni. Hawakugombana na mtu. Walisalimu, wakatia saini daftarini, wakapakia mali yao, wakaenda zao. Na sisi twasema kuwa mtu akigomba bado ana tamaa nawe. Anayeondoka kimya ndiye wa kumwogopa.

Hayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye vitabu. Hatukuvitafuta kwa fahari ya elimu. Tulivitafuta kwa sababu Chama kilikuwa kinatuvunjikia mikononi.

Kitabu cha kwanza: saa zetu zinakwenda wapi?

Mwalimu wetu mmoja aliyestaafu, aliyetusomesha sisi na wengi katika nyinyi, ana sanduku la vitabu vya Kiingereza juu ya biashara na uongozi. Alituazima vinne, akasema: "Msivisome kama hadithi. Visomeni huku mna jambo moja linalokuumeni, mlitafutie dawa humo. Asiyekuwa na maradhi hana haja ya kuingia duka la dawa."

Cha kwanza kiliandikwa na Peter Drucker, mtu aliyezaliwa Vienna mwaka 1909, akahamia Marekani na kufundisha huko mambo ya uendeshaji wa kazi mpaka uzeeni. Kitabu chenyewe, The Effective Executive, kilitoka mwaka 1967. Tulitaraji kuwa kitaanza na namna ya kuwaamrisha watu. La! Kinaanza na mwenye kusoma mwenyewe. Drucker anasema kuwa mtu mwenye dhamana asianze kwa kupanga kazi zake, bali aanze kwa kujua wakati wake unakwenda wapi. Na asitegemee kukumbuka, kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Aandike papo hapo, saa kwa saa.

Tuliandika kwa wiki mbili. Kabla ya hapo lau mtu angetuuliza, tungeapa kuwa siku zetu zote hupita katika kazi za wanachama. Daftari lilisema mengine. Saa nyingi zilikwenda katika kungojea watu wasiokuja kwa wakati, katika kuandika upya barua zilizokwisha kuandikwa, na asubuhi nzima ilipotea katika mashauri ya nani akae kiti gani siku atakapokuja mgeni. Saa tulizokwenda mashambani au ghalani katika wiki ya kwanza: hakuna hata moja. Wiki ya pili tulifika ghalani saa moja na nusu, na hiyo ni kwa kuwa palikuwa na arusi jirani yake.

Ndipo swali la yule bibi liliporudi masikioni mwetu. Ulipata kufika sakafuni kwangu? Alikuwa amefanya kwa neno moja kazi ambayo sisi tulihitaji kitabu kizima kuifanya.

Kitabu cha pili: mahindi na maharage

Kitabu cha pili ni cha W. Edwards Deming, Mmarekani, bingwa wa hesabu za takwimu, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1993. Mwaka 1950 alialikwa Japani na chama cha wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo. Japani ilikuwa imetoka vitani miaka mitano tu nyuma, na bidhaa zake zikidharauliwa duniani kuwa ni rahisi na hazidumu. Deming aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda namna ya kutafuta chanzo cha ubovu badala ya kutafuta mtu wa kulaumiwa. Wajapani walimsikiliza, na tokea mwaka 1951 wamekuwa wakitoa nishani kwa jina lake. Kwao Marekani alikuja kusikilizwa sana baada ya mwaka 1980, naye ni mtu mzima wa miaka themanini. Kitabu chake, Out of the Crisis, kilitoka kwa jina hilo mwaka 1986.

Humo anasema jambo lililotusimamisha. Kwa makisio yake, katika kila taabu 100 zinazotokea kazini, 94 zatokana na utaratibu wenyewe wa kazi, ambao ni dhamana ya viongozi. Na 6 tu ndizo zenye sababu ya pekee.

Tulipoyafasiri maneno hayo, mzee mmoja wa Halmashauri, ambaye ndiye aliyeshikilia zaidi kuwa majina yasomwe, alitikisa kichwa. "Hayo ni maneno ya kuwatetea wavivu," akasema. "Mtu asiyegeuza karafuu juani, utaratibu umemfanya nini?"

Hatukumjibu kwa maneno. Deming alikuwa na mchezo aliokuwa akiwachezesha wasikilizaji wake, nasi tulikubaliana kuujaribu. Yeye alikuwa na sanduku la shanga, nyeupe na nyekundu zimechanganywa, na katika kila tano moja ni nyekundu. Alichagua watu sita wawe ndio wafanya kazi, akawapa kibao chenye vishimo 50 cha kuchotea. Amri ni moja: leteni nyeupe tupu, nyekundu ni kasoro. Halafu Deming, akijifanya msimamizi, humsifu aliyeleta nyekundu chache na kumkaripia aliyeleta nyingi, hubandika mabango ya kuhimiza kazi nzuri, na hutishia watu kufukuzwa. Na kila mara aliyesifiwa leo huja akalaumiwa kesho, ilhali hapana hata mmoja aliyebadilisha lolote katika kazi yake.

Sisi hatuna shanga. Tulichukua beseni, tukatia vibaba vinne vya mahindi meupe na kibaba kimoja cha maharage mekundu, tukavuruga vizuri. Kibao chetu kilikuwa kikombe cha kahawa. Wajumbe sita walichota mmoja baada ya mmoja, bila ya kuchagua, nasi tukahesabu. Mara ya kwanza mzee wetu alipata maharage machache kuliko wote. Tukamsifu mbele ya wenzake, na tukasema wengine wajifunze kwake. Mara ya pili yeye ndiye aliyepata mengi kuliko wote. Basi tukamkaripia kama tulivyosoma kitabuni: "Mzee, ulianza vizuri. Uzembe huu umekuingia lini?"

Wote wakacheka, ila yeye. Alilitazama lile beseni kwa muda, kisha akasema: "Katibu, uliyetia maharage ni wewe."

Pakawa kimya. Hapana aliyehitaji kufasiriwa. Sote tulikuwa tukiiona ile orodha ya majina tisa.

Kitabu cha tatu: kwa nini, mara tano

Kilichobaki kilikuwa ni kujua maharage yetu yalitiwa wapi. Hapo kilitufaa kitabu cha tatu, cha Taiichi Ohno wa kampuni ya magari ya Toyota. Kilitoka kwa Kijapani mwaka 1978, na Kiingereza chake kikafuata mwaka 1988. Ohno ni mtu wa kiwandani, na nasaha yake yajulikana kwa ufupi wake: ukipata taabu, uliza "kwa nini" mara tano, kwani jibu la mwanzo aghalabu si jibu.

Mfano wake ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa na mzigo. Kwa nini ilizidiwa? Mafuta hayafiki vizuri mahali pa kulainishia. Kwa nini hayafiki? Pampu haivuti ya kutosha. Kwa nini haivuti? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hapana chujio, na vumbi la chuma limeingia. Anayekomea swali la mwanzo hubadilisha fyuzi, na kesho mashine husimama tena. Anayefika la tano hutia chujio.

Jumanne asubuhi tuliingia ghalani, wajumbe wote, na daftari la mapokezi mkononi. Maswali na majibu tuliyaandika hivi.

Kwa nini magunia yale yalikuwa na unyevu? Kwa sababu yalikuwa chini kabisa, juu ya saruji tupu, karibu na ukuta ambao mvua ya vuli hupenyeza maji.

Kwa nini yalikuwa chini? Kwa sababu ghala halikuwa na chaga za mbao, na gunia linalofika mwanzo ndilo linalolazwa chini.

Kwa nini yalikaa huko siku nyingi? Kwa sababu gari lilikuwa haliitwi mpaka shehena itimie, na lilipokuja lilipakia ya juu kwanza.

Kwa nini hayakupinduliwa wala kukaguliwa? Kwa sababu hapana aliyekabidhiwa kazi hiyo. Kila mmoja alidhani ni ya mwenzake.

Kwa nini hapana aliyekabidhiwa? Kwa sababu Halmashauri ilipopitisha shauri la ghala, iliandika namna ya kugawana gharama ya gari, na haikuandika neno moja juu ya kutunza mali. Muhtasari wa mkutano ule upo faili. Umeandikwa kwa mkono wetu.

Lakini lililotuuma zaidi lilikuwa katika daftari la mapokezi. Tulipanga majina kwa tarehe. Watu tisa tuliowasoma hadharani walikuwa ndio tisa wa mwanzo kuleta karafuu zao. Magunia yao yalilala chini kwa sababu wao ndio waliotangulia, na walitangulia kwa sababu walichuma mapema, wakaanika mapema, wakaamini mapema. Wale waliochelewa, magunia yao yalikaa juu, makavu, yakapata daraja la kwanza. Sisi tulikuwa tumewaaibisha watu wetu hodari kwa sababu ya uhodari wao.

Kitabu cha nne: kuomba radhi

Cha nne kilikuwa cha Dale Carnegie, How to Win Friends and Influence People, kilichotoka mwaka 1936. Carnegie alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Missouri, mtoto wa mkulima, na tokea mwaka 1912 alikuwa akifundisha watu wazima New York namna ya kusema mbele ya watu. Kitabu chake kina mengi, na si yote yaliyotupendeza. Lakini nasaha moja ilikuwa kama imeandikiwa sisi: ukiwa umekosa, kiri upesi na kwa mkazo, wala usingoje kusutwa.

Ni nyepesi kusoma kuliko kufanya. Barua yetu ya mwanzo ya kuomba radhi ilikuwa ya kurasa mbili. Ilitaja mvua za vuli, uchache wa magari, na ugeni wa mpango wenyewe. Tulimpelekea mwalimu aisome kabla ya kuipiga chapa. Alisoma, akairudisha, akasema: "Barua hii inamwombea radhi mvua." Tukaichana. Ya pili ilikuwa ya mistari sita. Ilisema kuwa karafuu zililetwa kavu, kwamba ziliharibika mikononi mwa Chama, kwamba tuliwasingizia watu tisa bila ya kuchunguza, na kwamba hasara ya daraja italipwa na mfuko wa Chama.

Tuliona si adabu kuisoma mkutanini kabla ya kwenda kwa wenyewe. Tulikwenda nyumba tisa. Kwa yule bibi tulifika alasiri, tukapiga hodi, tukamwamkia.

"Shikamoo, Bibi. Tumekuja kufika sakafuni kwako."

Alitutazama kwa muda. Kisha akasema, "Marahaba. Mmechelewa, lakini karibuni."

Hakutuuliza kitu. Alituchukua mpaka uani penye sakafu yake, akatuonyesha namna anavyotandaza: nyembamba, zisipandane, kwani karafuu zikirundikwa hupata joto na kuvunda. Alituonyesha anavyozigeuza mara kwa mara, na anavyozifunika kabla ya umande, si baada yake. Alichukua karafuu moja kavu akaikunja kwa vidole, ikavunjika kwa mlio. Akachukua ya siku mbili, ikapinda bila ya kuvunjika. "Gunia langu," akasema, "sikulifunga mpaka zilipolia hivi." Tulijifunza katika nusu saa ile mambo ambayo Katibu wa chama cha wakulima wa karafuu alipasa kuyajua siku nyingi. Mkutano uliofuata tuliyasoma majina tisa kwa mara ya pili, na safari hii tulisoma mistari sita pamoja nayo.

Tahadhari kwa msomaji

Sasa, ndugu wanachama, msije mkadhani kuwa kila kitabu cha namna hii ni cha kufuatwa macho yamefumbwa. Kitabu cha biashara si msahafu. Mwandishi wake ni mtu, huona alichokiona, na mara nyingi huandika habari za walioshinda baada ya kuwa wameshinda.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana. Mwaka 2001 Jim Collins alitoa kitabu kiitwacho Good to Great, ambamo yeye na wenzake walichagua makampuni 11 yaliyotoka katika wema wa kawaida yakafika ukubwa, wakaeleza siri za kufanikiwa kwao. Kitabu kiliuzwa kwa wingi mno. Miongoni mwa makampuni hayo lilikuwamo Circuit City, lenye maduka ya vyombo vya umeme. Mwaka 2008 lilikwenda mahakamani kuomba hifadhi ya kufilisika. Lilikuwamo pia Fannie Mae, la mikopo ya nyumba. Mwaka huo huo Serikali ya Marekani ililiweka chini ya uangalizi wake.

Hatusemi kuwa Collins alisema uwongo. Twasema kuwa mtu akiingia shamba lenye mavuno mengi akamwuliza mwenyewe amefanya nini, ataambiwa: nilipalilia, niliamka mapema, sikuvunja matawi wakati wa kuchuma. Yote ni kweli. Lakini mwuliza hakwenda kwa jirani, ambaye naye alipalilia, akaamka mapema, asivunje matawi, na mwaka ule mikarafuu yake haikuzaa. Sote twajua kuwa mkarafuu una miaka yake ya kuzaa na miaka yake ya kupumzika. Basi ukisoma habari ya aliyefanikiwa, uliza pia: wako wapi waliofanya haya haya wakashindwa?

Na kuhusu Carnegie, mtu anaweza kukisoma akatoka amejifunza kuchekea watu na kukariri majina yao ili apate haja yake. Mwandishi mwenyewe ameonya juu ya sifa za uwongo. Wanachama wetu si watoto. Mwenye kutabasamu kwa hesabu hujulikana kabla hajafika barazani.

Tena lipo jambo ambalo vitabu hivi huliuza kama jipya, na kwetu ni la zamani. Kushauriana kabla ya kukata jambo, kuitunza amana ya mtu kuliko unavyotunza chako, kutomhukumu mtu mpaka umsikilize: hayo tulifundishwa chuoni, tumekaa juu ya jamvi, kabla hatujajua kusoma Kiingereza. Aibu yetu ni kwamba tuliyajua na hatukuyafanya. Faida ya kitabu cha mgeni ni kuwa huyasema yale yale kwa mlango mwingine, nawe umesahau kuufunga.

Yaliyobadilika

Mambo yafuatayo yamepitishwa na yameandikwa katika muhtasari, ili asije Katibu mwingine akasema hakujua.

Ghala limetiwa chaga, na hapana gunia linalogusa saruji wala ukuta. Gunia likifika hufunguliwa mbele ya mwenyewe, karafuu hujaribiwa kwa kuvunjwa, na hali yake huandikwa daftarini kwa saini mbili, yake na ya mpokeaji. Lililofika mwanzo ndilo linalotoka mwanzo. Gari huitwa kwa simu kila baada ya siku nne wakati wa mavuno, hata shehena ikiwa haijatimia. Gharama huzidi kidogo, lakini ni ndogo kuliko hasara ya daraja. Kila wiki mjumbe mmoja hukabidhiwa ghala kwa jina lake, na jina hubandikwa mlangoni. Na Katibu hutoka ofisini siku mbili katika wiki kwenda mashambani, na daftari la safari zake liko wazi kwa mwanachama yeyote atakaye kulitazama.

Wito

Shime, basi, khasa nyinyi vijana mnaosoma sekondari na mnaotaraji siku moja kukaa katika viti hivi. Someni vitabu vya kazi na biashara, lakini someni kwa namna aliyotufundisha mwalimu. Shika jambo moja linalokuuma. Soma na kalamu mkononi. Ukipata nasaha, ijaribu juu ya nafsi yako kabla ya kuijaribu juu ya mwenzako. Na ukimaliza kitabu bila ya kuona haya hata mara moja, kisome tena, maana yawezekana ulikuwa ukimsomea jirani.

Asiyesoma Kiingereza asikae nyumbani. Kila Jumatatu baada ya isha twafasiri ukurasa kwa ukurasa katika ofisi ya Chama. Kwa kuwa akina mama wametwambia kuwa saa hiyo haiwafai, tumeongeza kikao cha Alhamisi baada ya alasiri. Kahawa ipo. Na beseni la mahindi na maharage lipo, kwa mjumbe mpya yeyote atakayekuja na orodha ya majina.

Mtatuuliza mwisho wake umekuwaje. Katika wale sita walioondoa magunia yao, wanne wamerejea. Yule mzee wa Halmashauri ndiye sasa mkali wa ghala kuliko sote, na wiki yake hakuna panya anayepita bila ya kuulizwa. Ama yule bibi, huja mikutanoni, hukaa mstari wa mbele, na husema. Fedha za hasara yake alizipokea na akatia saini. Lakini karafuu zake bado huzipeleka mwenyewe kituoni kwa gari la kukodi.

Hatukumwomba abadilishe. Ni haki yake. Nafasi ya magunia yake ghalani ipo wazi, juu ya chaga, mbali na ukuta, na haitapewa mtu mwingine.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama